Mgonjwa Hana Malalamiko

Mei 20

Ng'o! Boma haliuzwi.

Naandika hivyo mwanzo kabisa nisije nikalegea. Boma ni gari letu la kulala, lile refu jeupe lenye kitanda, jiko na choo. Tulilinunua mwaka tuliostaafu, mimi nikitoka kwenye uuguzi na Elkana kwenye malori. Kila kiangazi tumekuwa kiguu na njia, sisi wawili na mbwa wetu Diwani, tukitembelea marafiki wa zamani na kulala humo humo kwenye viwanja vyao. Elkana anaendesha, mimi namenya viazi nyuma na kumwambia apunguze spidi.

Halafu Februari akapata kiharusi. Kidogo, walisema. Mguu umerudi, mkono wa kushoto umerudi nusu, maneno yamerudi yote. Leseni ndiyo haikurudi. Daktari aliandika, serikali ikaichukua, na mwanamume aliyepeleka lori Winnipeg na kulirudisha Toronto maisha yake yote bila kugonga hata kopo, akakaa kwenye kiti kando ya dirisha hapa Malvern.

Leo binti yetu Melissa amekuja kutoka Ajax na maneno laini. Anataka tuliuze Boma, halafu nyumba, tuhamie besmenti yake, kile chumba cha chini ya nyumba. Amesema kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote lakini tangu darasa la kwanza hajawahi kukijibu.

"Kuna joto, kuna mlango wenu wenyewe," akasema. "Baba, unaonaje?"

Elkana akasema, "Ni sawa."

Kila kitu siku hizi ni sawa. Supu bila chumvi ni sawa. Ukimbadilishia mpira kwenye televisheni ukamwekea watu wanaooka keki, ni sawa. Na huyu ndiye mtu aliyemrudishia mama yangu mzazi kikombe cha chai, siku ya kwanza kuja kwetu kuposa, kwa sababu ilikuwa na moshi! Mama alisema huyo olewa naye upesi, atakuwa haogopi mtu.

Gari liko kwa jina lake. Akimwambia Melissa ni sawa mbele ya mnunuzi, basi limekwenda, na yeye atakwenda nalo, maana nimeshawaona wagonjwa wa namna hii. Wodini, mwisho wa zamu, tulikuwa tunaandika: Mgonjwa yuko macho. Amekula. Hana malalamiko. Wauguzi wageni walifurahi kuandika hivyo. Mimi nilikuwa nikisoma hivyo, naenda kumwangalia huyo mgonjwa kwanza kabla ya wengine.

Nimekata shauri. Nitaendesha mimi.

Mei 22

Leseni yangu inaruhusu. Nimeuliza mara mbili, kwa watu wawili, na wote wameniangalia nywele zangu nyeupe kabla ya kunijibu.

Mei 26

Mazoezi, kwenye maegesho ya duka lililofungwa. Maisha yangu yote nimeendesha kigari kidogo cha kwenda hospitali na kurudi. Hili ni kama kuendesha sebule. Nimegonga toroli la kubebea bidhaa, likaenda likizunguka mpaka ukutani. Nikamgeukia Elkana nikingoja moto.

"Ni sawa," akasema.

Diwani alibweka angalau. Ni mbwa mzee wa rangi ya mchanga, na tulimwita Diwani kwa sababu anasalimia kila mtu na hafanyi kazi yoyote.

Juni 2

Mvua. Mazoezi. Mgonjwa amekula. Hana malalamiko.

Juni 8

Nimewaza hivi. Februari hospitali ilijaa marafiki, wakilia mpaka wauguzi wakawatoa. Sasa ni Juni, na simu haiiti. Wanaogopa kuja kukuta mtu aliyeharibika. Basi kama hawaji, tutawafuata, na Boma letu, na mbwa wetu. Tutaanza na Abigael na Kirimi, pale Agincourt.

Melissa amecheka kwenye simu. "Mama, Agincourt ni dakika kumi na tano. Hiyo si safari."

Nimemwambia ni safari kwa anayeendesha.

Juni 14

Tumefika! Nusu ya Scarborough imenipigia honi njiani. Barabara ya Sheppard nzima nimeimaliza kwa leni moja, sikuhama hata lori la takataka liliposimama mbele yangu. Nililingoja mpaka likamaliza kazi yake. Kirimi alikuwa mwenzake Elkana kwenye malori. Alitoka nje kwa mikono iliyofunguka, akaona nani anashuka upande wa dereva, akabaki mdomo wazi.

"Mzee Elkana, umempa mama usukani?"

"Ni sawa," akasema Elkana.

Kirimi alinitazama. Nikatazama kando.

Jioni ndipo tuliposhikana na Abigael. Alikuwa ametandika chumba cha wageni, mashuka mapya, taulo zimekunjwa juu ya mto. Nikamwambia tutalala garini.

"Garini wapi?"

"Hapo nje. Kwako."

"Mama Melissa, nimekukosea nini? Mgeni wangu alale nje kama askari wa usiku? Majirani waseme nini?"

Nikamweleza kwamba ndiyo raha yake, kwamba Diwani hawezi kuachwa peke yake. Sikumweleza lile la kweli: nataka Elkana aamke ndani ya Boma lake, asikie harufu yake, akumbuke yeye ni nani. Abigael alichukua zile taulo akazirudisha kabatini moja moja. Kwenye chakula alinipakulia nyama ya mifupa mitupu.

Juni 15, Jumapili

Jamani, watu wetu!

Asubuhi nilianika taulo kwenye vioo vya Boma na kumkata Elkana ndevu nje, kwenye kiti cha plastiki, maana jua lilikuwa zuri. Mtu wa kanisani akapita na gari lake akatuona. Ibada ilipoisha, habari ilikuwa imeshakomaa: wazee wa Malvern wamefukuzwa na binti yao, wanaishi garini, wanajitawaza nje kwa Abigael.

Alasiri wakaja kina mama wa ushirika, magari matatu. Walikuja na magunia ya unga, mablanketi, sweta za baridi, mafuta ya kupikia, na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, bado ina moto. Kabla sijafungua mdomo tumeshashikana mikono, na mke wa mchungaji amefumba macho. "Bwana, uwakumbuke wasio na makao." Nilifumbua jicho moja nikamtafuta Abigael. Alikuwa ameinamisha kichwa, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

"Amina," akasema Elkana. "Ni sawa."

"Si sawa!" nikasema. "Tuna nyumba! Ina vyumba vitatu! Iko Malvern!"

Waliniangalia kwa huruma kubwa zaidi. Mmoja akanipapasa bega akasema polepole, kama anaongea na mtoto, "Tunajua, mama. Tunajua."

Unga nimebaki nao. Nina hasira, si mjinga.

Jioni Melissa akapiga simu, sauti imekauka. Watu watatu wamemuuliza kama ni kweli amewatupa wazazi wake. "Mimi ndiye ninayewaomba mje kwangu, Mama. Mimi. Na sasa mimi ndiye mtoto mbaya."

Nilikuwa tayari na kicheko. Sikukitoa. Lakini pia sikumwambia pole, maana pole zangu anazigeuza besmenti.

Juni 16

Mgonjwa amekula githeri ya wasio na makao. Hana malalamiko.

Juni 24

Joto kali. Diwani amelala chini ya gari siku nzima. Na mimi ningependa.

Julai 2

Jana tulikwenda Thornhill.

Thornhill anakaa Qurratulain na mumewe Mohsin, Waislamu wa Shia, watu wa Tanga. Tulipokuwa wageni nchi hii tulikaa jengo moja kule Flemingdon Park, mlango kwa mlango. Nikiwa zamu ya usiku Melissa alilala kwake. Akienda dukani kumsaidia Mohsin, wanawe walikula ugali kwangu. Tangu Mei alikuwa ameniambia, "Njooni siku yoyote, hamna haja ya kusema." Nikachagua siku ya Kanada, sikukuu, barabara zitakuwa tupu. Nikavaa fulana nyekundu yenye jani kubwa kifuani. Nikamfunga Diwani kitambaa chekundu shingoni. Nikachomeka bendera mbili mbele ya Boma. Nikaweka muziki.

Barabara kuu ya 401 siiwezi bado, ina leni nyingi na kila mtu ana hasira. Nikashika Finch mpaka nikachoka nayo, halafu Bathurst kwenda juu. Hapo magari yakaanza kubanana. Ilinibidi nihame leni ili nikate kona ya kwa Qurratulain, lakini nani ataniachia nafasi? Nikaweka indiketa, nikaomba, nikapunga mkono. Wapi! Foleni ikanibeba. Mbele kukawa na mwanamume wa kizibao cha njano akinionyesha kwa mikono yote miwili: ingia, ingia. Mtu akiniambia kwa mamlaka hivyo, mimi naingia.

Ndipo nikaona watu. Wanaume, wanawake, watoto, wazee kwenye viti vya magurudumu, wote wamevaa nyeusi, wanatembea taratibu kuelekea kituo chao cha dini. Muharram! Siku zao za kumlilia Imamu Hussein kwenye majlisi. Kila mwaka zinasogea, na miaka yote ile ya Flemingdon Park mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia Wakenya wenzangu wa ghorofani wapunguze redio. Na sasa ni mimi, mwekundu kama pilipili, na bendera, na mbwa mwenye tai, na muziki wa harusi. Nikazima redio kwa kuipiga ngumi.

Yule wa kizibao cha njano, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akaja dirishani. Alianza kwa Kiingereza. Aliponisikia nikisema "Mungu wangu, Mungu wangu," akabadilisha.

"Mama, umekuja majlisi?"

"Nimekuja kwa Qurratulain, baba. Nimepotea."

Akaliangalia Boma kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwisho wake uko mbali. "Hili hapa halitageuka. Itabidi urudi kinyumenyume mpaka barabarani. Nitazuia magari."

Kinyumenyume! Mimi ambaye kwenye mazoezi nilikuwa nazunguka duka zima ili nisirudi nyuma! Kulia magari, kushoto magari, nyuma watoto wa watu.

"Baba Melissa," nikamwambia, "nitaua mtu hapa siku ya matanga yao."

"Ni..." akasema Elkana.

Hakumaliza. Alikuwa anatazama kioo cha upande wake. Nikamwona anakitazama namna ile ya zamani, jicho moja dogo. Akafungua mkanda. Akafungua mlango. Akateremka na fimbo yake, mguu mmoja, halafu wa pili, na ndara zake za nyumbani, akaenda nyuma ya gari. Nikamwona kwenye kioo anainua ule mkono mzima.

Halafu ikaja sauti. Tangu Februari sijaisikia.

"Kata kulia! Kulia yako, mwanamke, si yangu! Taratibu! Taratibu nimesema! Kwani unafukuza ng'ombe? Simama! Simamaaa! Nyoosha sasa. Nyoosha! Nani alikwambia uguse usukani?"

Waombolezaji wote wamesimama, wanatazama. Nilikuwa nalia mpaka sioni kioo, lakini sikuhitaji kukiona, maana nilikuwa na ile sauti. Ilinitoa pale mpaka barabarani bila kugusa hata jani la mtu.

Na kutoka kwenye kundi la watu mtu mmoja akaita, "Hiyo kelele naijua! Huyo ni Elkana!" Alikuwa Mohsin, kanzu nyeusi, anakuja mbio kadiri magoti yalivyomruhusu. Walikumbatiana pale pale kando ya Bathurst, na Mohsin hakusema pole wala u mzima. Alisema, "Bado unapiga makelele kama konda."

Tuliwangoja kwao mpaka majlisi ilipokwisha. Qurratulain alinikuta nimejificha ndani ya Boma.

"Chela, toka. Nimeshaambiwa na watu kumi kuhusu hiyo fulana."

"Nisamehe, dada. Nimesahau siku."

"Umesahau, basi. Hukukusudia." Akanitupia shungi jeusi mabegani, akanifunika jani lote. "Haya. Sasa wewe ni mtu."

Nikamwambia hatutaingia ndani kwa sababu ya Diwani. Najua mbwa haingii nyumbani mwao, wala sitaki waanze kuosha mazulia kwa ajili yetu. Nikajiandaa kwa vita kama vya Abigael.

"Nani kasema muingie?" akasema. "Mbwa abaki kwenye nyasi kule, mimi nakuja huku." Akatandika mkeka mlangoni mwa gereji, akaleta biriani iliyotoka kwenye majlisi, kachumbari, na chupa ya chai. Alikaa amekusanya baibui lake upande ambao Diwani hayupo. Mohsin alimpungia Diwani mkono kwa mbali kama wakubwa wanavyosalimiana.

Elkana akanywa chai. Akaitazama. Akasema, "Tangawizi imezidi."

Nikaweka mkono mdomoni.

Qurratulain hakujua lolote, basi alikasirika kweli. "Imezidi? Miaka yote hiyo unainywa chai yangu!"

"Na miaka yote hiyo tangawizi imezidi," akasema Elkana.

Haki, nilitaka kumbusu mbele za watu, na shungi la msiba mabegani.

Mgonjwa ana lalamiko moja.

Julai 11

Anasema nakula kona mapema mno. Anasema kioo changu nimekiweka cha kujipaka poda. Anasema viazi.... hakumaliza, lakini alikuwa na neno juu ya viazi.

Julai 26

Leo nimeingia 401! Elkana alinihesabia leni kwa fimbo, akagonga dashibodi kila mara ya kuhama. "Sasa. Si sasa. Sasa! Nilisema sasa, umengoja nini, mwaliko?" Nimetoka nimelowa jasho kama niliyeogelea. Tulikwenda mpaka Ajax kumwonyesha Melissa. Alitoka nje na ndara mguu mmoja, akashika mdomo. Hakufurahi. Nilidhani atafurahi.

Agosti 16

Nimefanya ujinga, na niuandike kama ulivyo.

Tulikuwa tunarudi kutoka kwa Kirimi. Sasa ni mara ya nne. Abigael alishatusamehe, siku hizi analeta mto wake anakuja kulala nasi humu. Nilikuwa nimeshiba sifa. Kirimi alisema mbele ya watu kwamba naendesha kuliko vijana wa siku hizi. Nikataka kahawa, na nikataka kuipata kama wanavyoipata watu, kwa kile kijia cha kununua bila kushuka garini.

"Usipite hapo," akasema Elkana. "Paa ni fupi."

"Nimechoka kuambiwa," nikasema.

"Chela. Paa ni fupi."

Nikapita.

Sauti ile sitaki kuielezea. Mashine ya hewa baridi iliyo juu ya Boma iling'oka ikabaki inaning'inia, na ule ubao wa kuonyesha urefu wa gari ukapasuka katikati. Msichana wa kahawa alitoa kichwa dirishani akauliza kama nimeumia. Nyuma yangu watu walikuwa wanapiga honi, na mmoja anapiga picha.

Nikamgeukia mume wangu. Nikasema moyoni, nitukane. Nastahili kutukanwa.

Alikuwa anatazama mbele. Akasema taratibu, "Ni sawa."

Agosti 17

Ile picha imefika Agincourt, Thornhill na Ajax kabla ya mimi kuamka. Elkana yuko kwenye kiti, dirishani. Mgonjwa amekula kidogo. Hana malalamiko.

Agosti 20

Hana malalamiko.

Agosti 29

Boma limerudi kutoka kwa fundi. Nilimwambia aje alione. Akasema ni sawa, mwamini tu fundi.

Septemba 6

Melissa amempata mnunuzi. Mtu wa Oshawa, na mkewe. Watakuja Jumamosi ya kwanza ya Oktoba.

Tumegombana jikoni mpaka Diwani akajificha bafuni. Nikamwambia ananizika nikiwa hai. Nikamwambia huwezi kumtoa mtu barabarani ukamweka chini ya ardhi halafu ukasema ni kwa upendo. Nilikuwa na mengine.

Akasema, "Mama, ni mimi niliyemkuta."

Nikaweka mwiko chini.

"Wewe ulikuwa sokoni. Mimi ndiye niliyefungua huu mlango. Alikuwa hapa." Akaonyesha mahali nilipokuwa nimesimama, kati ya jiko na friji. "Alikuwa ananiangalia, hawezi kusema. Tangu siku hiyo simu yako ikilia naweka gari kando kabla ya kupokea. Na wewe unamchukua unampeleka 401."

Miezi yote hii nimemwona binti yangu kama mtu wa kuuza vitu vyetu. Sikuwahi kumuuliza hata siku moja aliona nini. Mimi, muuguzi! Ningekuwa wodini, ndugu ya mgonjwa ndiye ningemwekea kiti kwanza. Nikamshika, akalia kwenye bega langu kama alivyolia akiwa na miaka mitano, pua na yote.

Halafu akafuta uso akasema, "Lakini gari ni la Baba, na Baba amesema ni sawa."

"Sikia, mwanangu," nikasema. "Pole yako nakupa yote. Boma sikupi."

Septemba 14

Leo nimemkuta Elkana macho mapema, nikakaa kwenye zulia mbele ya kiti chake ili asiweze kutazama dirisha.

"Ulisema paa ni fupi," nikamwambia. "Nikakupuuza. Nisamehe, Baba Melissa."

Diwani alikuja akalala juu ya miguu yake.

"Nilisema mara mbili," akasema.

"Mara mbili. Nilisikia zote."

"Leseni wamechukua. Sawa, ni sheria. Mkono huu hautoshi. Lakini macho ninayo, Chela. Njia ninaijua. Kama na wewe hunisikii, niko ndani ya lile gari kufanya nini? Mzigo?"

Nikamwekea kichwa magotini.

"Fulana yako inanuka vitunguu," akasema baadaye.

Sikulihesabu hilo kuwa lalamiko. Niliogopa kufurahi mapema.

Septemba 27

Majani yameanza kugeuka. Anakaa dirishani. Siku nyingine anasema neno, siku nyingine hasemi. Jumamosi ijayo ndiyo ile.

Oktoba 4

Wamekuja asubuhi, watu wazuri tu, wastaafu kama sisi, mke ameleta keki. Nilitamani wangekuwa watu wabaya. Melissa alisimama kwenye ngazi amejikunyata na kikombe.

Elkana akatoka chumbani amevaa kofia yake ya malori. Nikasema, amevaa kuja kuliaga.

Akawazungusha. Aliwafungulia kila mlango, akawaambia kila ugonjwa. Choo kinavuja ukikipiga teke. Breki zinalia mvua ikinyesha. Dirisha la nyuma halifungi, tumeliziba na soksi. Kitanda kinakuumiza mgongo. Kila kitu, kwa sauti ya wazi, kwa Kiingereza chake cha barabarani. Mnunuzi alikuwa anacheka. "Unaliuza vibaya, rafiki," akasema. "Lakini bado tunalipenda." Akanyoosha mkono.

Sote tukauangalia ule mkono.

"Baba?" akasema Melissa.

Nikamwona Elkana anavuta pumzi, na mdomo wake unakaa mahali pale pale pa "ni sawa". Nikashika mkia wa Diwani, sijui kwa nini, ndio uliokuwa karibu.

"Hapana," akasema.

Kwa Kiswahili, kwa mzungu wa Oshawa. Yule mtu alibaki ameshika hewa. Elkana alilisema tena, polepole, kama mtu anayeonja chakula alichokinyimwa hospitali. "Hapana. Haliuzwi." Halafu akamgeukia binti yake. "Mama yako bado hajui kurudi kinyumenyume. Anakata kona vibaya. Paa halioni. Nikiliuza hili, atajifunzia wapi?"

"Baba, ninaogopa," Melissa akasema.

"Najua. Mimi naogopa kila siku nikiamka. Hata besmenti yako nitaogopa, na huko hakuna dirisha la maana."

Melissa alinitazama, nikadhani atanilaumu. Akawageukia wale watu akawaomba radhi, akawafungia keki yao warudi nayo, na yule mama akakataa, akasema tuile kwa kusherehekea. Kisha Melissa akaingia Boma, akakaa kwenye kiti cha nyuma, akakaa tu. Baadaye akasema kama ni hivyo, siku tutakayolipeleka kulala majira ya baridi, atapanda na yeye, aone kwa macho yake.

Keki ilikuwa kavu. Elkana alisema, na alikuwa na haki.

Oktoba 18

Tumelipeleka Boma kwenye uwanja wa kuhifadhia magari, kule mashariki, kabla baridi haijapasua mabomba. Mimi usukani, Elkana kando, Melissa nyuma amemkumbatia Diwani na amefunga mkanda mpaka hapumui. 401, leni zote.

"Kioo. Kioo! Huyo wa kijani amekuona, usimwogope. Sasa hama. Melissa, acha kuvuta pumzi hivyo, unamtisha dereva. Chela, hii chai umeiweka lini kwenye chupa, jana? Taratibu. Nani alikufundisha kushika breki namna hiyo?"

"Wewe," nikasema.

"Basi sikukufundisha vizuri."

Nyuma nikasikia kitu, nikadhani Melissa analia tena. Alikuwa anacheka, uso ameuficha kwenye manyoya ya Diwani.

Uwanjani nililirudisha Boma kinyumenyume kwenye nafasi yake, kati ya mashua mbili za watu. Elkana alisimama nyuma na fimbo yake hewani, akipiga kelele mpaka mlinzi akatoka kibandani. Lilipokaa, alilizunguka, akapima kwa jicho, akasema limepinda. Nikalitoa. Nikalirudisha tena. Akasema bado limepinda, lakini amechoka.

"Mei," akasema tukirudi kwenye gari la Melissa, alilokuwa ameliacha hapo jana. "Winnipeg."

"Winnipeg!" akasema Melissa.

"Umenisikia. Na mama yako atabeba chai ya moto."

Sasa ni jioni, Malvern. Nimepika ugali wa ule unga wa wasio na makao. Haujaisha hadi leo. Mgonjwa yuko macho. Amekula. Anasema ugali ni laini, chumvi ya mboga haijafika, na taa hii ninayoandikia inamchoma macho.

Mgonjwa ana malalamiko.